Nilibadili jina, sauti ikanisaliti

Mwezi uliopita dada yangu alimleta bintiye nyumbani kwangu baada ya sala ya Isha, akamketisha mbele yangu kama mtu aliyempeleka mgonjwa kwa tabibu. "Kaka, mwambie," akasema, kisha akaenda zake jikoni kwa mke wangu. Sikuambiwa nimwambie nini, lakini nilijua. Binti ana miaka ishirini na miwili, amemaliza chuo kikuu, na ameitwa Nairobi kwenda kupimwa katika mchezo wa televisheni. Mamaye hataki. Na katika ukoo wetu mzima, aliyepata kwenda Nairobi kutafuta uigizaji ni mtu mmoja tu, nami ndiye huyo. Nilikwenda, nikarudi. Basi nikaonekana ndiyo dawa.

Usiku ule sikumwambia lolote la maana. Nilimuuliza kama amekula. Lakini tangu hapo jambo hilo limenikaa moyoni, na kwa kuwa najua ziko nyumba nyingi Mombasa, Lamu na Malindi zenye kijana wa namna hiyo na mama wa namna hiyo, nimeona afadhali niyaandike niliyoyaona, msomaji naye aamue mwenyewe.

Nilizawa Mji wa Kale, katika nyumba iliyokuwa na kiduka cha baba chini yake. Baba alikuwa fundi wa kushona kanzu na makoti. Kila alasiri wazee walikutana barazani pake mpaka Magharibi, kahawa ikipita, na redio imewekwa juu ya cherehani kongwe ambayo ilikuwa imekufa zamani lakini baba hakutaka kuitupa. Nikisema kwamba elimu yangu ya kwanza ya uigizaji niliipata hapo, sitii chumvi. Walipokuja redioni akina Mzee Pembe na Kipanga, baraza nzima ilinyamaza, hata mwenye kikombe mdomoni hakumeza. Watu hao hatukuwa tukiwaona. Tuliwajua kwa sauti tu, na sauti ilitosha kutuonyesha tumbo, fimbo na kofia iliyokaa upande.

Elimu ya pili niliipata chuoni. Maalim wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho tangu sisi wadogo, na kila mwanafunzi alimjua kwa sauti. Ukikosea madda moja, hata kama mlikuwa thelathini mnasoma kwa pamoja, alijua ni nani na amekaa wapi. Alikuwa na kikohozi chake kidogo, mara mbili, kavu, na sote tulikijua. Akitoka kwenda kutawadha, watoto waliniomba nimwige, nami nilimwiga, mpaka wengine wakashika Kurani zao kwa hofu wakidhani amerudi. Siku za Maulidi ni yeye yule aliyenisimamisha nisome mbele za watu. Akanifundisha kupumua, kutofyeka neno mwisho, na kutosoma kwa pupa. Baadaye Nairobi niliwaona waliolipa fedha kufundishwa mambo hayo.

Ya tatu ilikuwa sinema, Naaz na Regal, tukitazama filamu za Kihindi ambazo hatukuelewa maneno yake lakini tulilia mahali pa kulia. Na ya nne ilikuwa shuleni, pale mwalimu mmoja aliponipa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa 1969. Mwandishi huyo ni mzaliwa wa Kilwa, mtu wa pwani kama sisi, na mchezo wenyewe ni wa vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Sikupewa kuwa Kinjeketile. Nilikuwa mmoja wa wazee. Lakini nilipomwona yule kijana mwingine amesimama jukwaani, akikataa kukana neno lake ijapokuwa anakwenda kufa, na wazazi wetu wameketi mbele wakiwa kimya, nilijua kwamba kazi yangu duniani haitakuwa kupima vitambaa.

Sasa nieleze uongo wangu, maana ulikuja kunidai. Januari 1984 nilimwambia baba nimepata habari za kazi ya ukarani Nairobi. Mama alijua kweli. Baba akanitazama juu ya miwani yake, akanipa shilingi mia mbili na koti lake la zamani. "Kule kuna baridi," akasema. Nikapanda gari la moshi jioni, daraja la tatu, na asubuhi nikaamkia Nairobi nikiwa nimevaa koti la mtu niliyemdanganya.

Nilipokewa na halati, binamuye mama, aliyekuwa akikaa Majengo, Pumwani. Majengo ni mtaa mkongwe wa Waislamu wa Nairobi, na mtu wa pwani akishuka pale huona ahueni: leso, kofia, adhana, na harufu ya mahamri alfajiri. Halati alinipa masharti mawili, sala zisipite na mlango unafungwa saa tano za usiku. Mchana nilifanya kazi katika duka la vitambaa (ndiyo, vitambaa vilevile nilivyovikimbia, hata Nairobi iko Biashara Street). Jioni nikenda Kenya National Theatre.

Jumba lile lilifunguliwa 1952, siku za Mwingereza, mkabala na Norfolk Hotel, na kwa miaka mingi lilikuwa kama mali ya wazungu na michezo yao ya Kiingereza. Nilipofika bado watu walisimulia habari za Oktoba 1976, wakati The Trial of Dedan Kimathi, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo, na Betrayal in the City wa Francis Imbuga ilipoandaliwa pale kabla ya kupelekwa kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos 1977. Michezo ya Wakenya, katika jumba la taifa la Wakenya, na ilibidi wenyewe wagombanie siku chache tu za kuchezea. Mimi kijana wa Mji wa Kale sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua ngazi za mbele ni baridi, maana ndipo tulipokaa.

Namna kazi yenyewe ilivyoanza haikuwa kama nilivyoota. Miezi mitatu ya kwanza nilibeba viti, nikafunua pazia, nikauza tikiti, nikashika mswada pembeni ili kumkumbusha mwenye kusahau. Hakuna aliyeniuliza jina. Ukiuliza nafasi, jibu lilikuwa njoo kesho, na kesho ukija wakuambia mbona hukuja jana. Lakini ndipo nilipojifunza mahali pa kusimama ili mwanga ukupate, na kwamba mwigizaji mzuri humsikiliza mwenzake badala ya kungoja zamu yake ya kusema.

Nafasi zenyewe zilikuwa za namna tatu. Ilikuwako michezo ya Kiingereza, iliyokuwa na watazamaji wa kulipa. Huko Kiingereza changu kilinirudisha mlangoni. Ilikuwako michezo ya shule, vikundi vidogo vikizunguka na vitabu wanavyotahiniwa wanafunzi, leo Machakos, kesho Nyeri, mnalala sakafuni na mnalipwa kulingana na idadi ya wanafunzi waliokuja. Biashara hiyo ingali hai. Wa miaka ya karibuni walizunguka na Kigogo ya Pauline Kea na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na wengi waliojulikana baadaye walianzia humo. Ya tatu ilikuwa michezo ya Kiswahili ya kuchekesha. Hapa ulimi wangu ulikuwa mali. Mtu wa bara alilazimika kufanya mazoezi ili aseme nilivyosema mimi nikiomba maji.

Kabla sijaenda mbali, nitaje jambo moja ambalo vijana wa leo hawalijui. Mchezo haukuchezwa hivi hivi tu. Kulikuwa na sheria ya 1962, ya siku za mwisho za ukoloni, iliyotaka kila mchezo wa jukwaani uwe na kibali, na vibali vilikataliwa au kufutwa. Novemba 1977 Ngaahika Ndeenda ulisimamishwa kule Kamiriithu, Limuru, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ akatiwa kizuizini. 1982 jukwaa lenyewe, walilolijenga wanakijiji kwa mikono yao, likabomolewa. Basi sisi tulioingia 1984 tulikuta viongozi wa vikundi wamejifunza woga. Hawakutaka mchezo wa mkubwa na mdogo, wala wa ardhi. Kilichobaki salama ni kuchekana sisi kwa sisi, kabila kwa kabila.

Na mambo ya lafudhi ni utamu, sikatai. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, aliyetuchekesha kwa lafudhi ya Kijaluo miaka nenda miaka rudi mpaka alipofariki Julai 2015, jina lake la kweli lilikuwa Benson Wanjau, na hakuwa Mjaluo, alikuwa Mkikuyu. Watu wengi hawakuamini. Lakini mzee yule alimpa Ojwang' ujanja, woga, mke wa kumshinda maneno na moyo. Ukimcheka ulikuwa ukimpenda. Hivyo ndivyo vichekesho vinavyotakiwa kuwa.

Mimi sikufanya hivyo. Mapema 1985 kikundi kimoja, ambacho sitakitaja, kilinipa nafasi katika mchezo wa kutolewa redioni. Nilikuwa mzee wa pwani, mwalimu wa chuo, mvivu, anayesinzia mbele ya wanafunzi na kuamka tu akisikia harufu ya biriani. Mwelekezi aliniambia nitafute sauti. Sikuitafuta, ilikuwa tayari kinywani mwangu tangu utoto. Nilitoa sauti ya Maalim, na kikohozi chake, na namna yake ya kuvuta neno "mwanangu". Chumba kizima cha mazoezi kilianguka kwa kicheko. Fundi wa kurekodi alifuta machozi. Msomaji, kama hujapata kuchekwa hivyo kwa jambo ulilolikusudia, hutajua ulevi wake. Nikalipwa shilingi mia na ishirini, nikaona nimeanza maisha.

Nilibadili jina. Jina lenyewe sitalitaja kwa kuwa hata leo laniaibisha. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Dilip Kumar, ambaye wazee wetu walimlilia Naaz na Regal bila kujua kuwa ni ndugu yetu wa dini: alizaliwa Peshawar 1922 akiitwa Muhammad Yusuf Khan, babake mwuza matunda aliyeidharau kazi ya filamu. Alipoingia kwenye Jwar Bhata, iliyotoka 1944, alikubali jina jipya, na sababu mojawapo ilikuwa kumwogopa babake. Mzee akaja kuonyeshwa na rafikiye bango la Jugnu, filamu ya 1947, akamwona mwanawe ukutani. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Yusuf alifichuliwa na uso. Mimi nilidhani redio haina uso.

Mchezo ulitolewa jioni moja ya mwezi wa Shaaban. Siku chache baadaye nikapata barua ya mama kwa mkono wa dereva wa basi. Ilikuwa na mistari mitatu. Babako amekusikia. Maalim naye amekusikia. Njoo.

Nilifika Mombasa mchana, joto la kwetu likanivua lile koti. Baba alikuwa na kanzu nyingi za Idi za kushona na hakuinua kichwa.

"Salaam aleikum, baba."

"Aleikum salaam. Keti."

Nikaketi. Akamaliza pindo, akakata uzi kwa meno.

"Kazi ya ukarani yaendaje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hotuba. Nilidhani nitaambiwa ni haramu, ni uongo, ni mambo ya wahuni, na njia nzima nilikuwa nikipanga hoja zangu. Baba hakunipa nafasi ya kuzitoa. Akasema, "Barazani watu walicheka sana. Hata mimi nalianza kucheka. Kisha kikaja kile kikohozi, nikajua nani anayechekwa, na nani anayetuchekesha. Nikainuka nikaingia ndani." Akachukua kanzu nyingine. "Nenda kwa Maalim kwanza. Kwangu utarudi baadaye."

Nyumba ya Maalim ilikuwa hatua hamsini kutoka kwetu, na sijapata kwenda njia ndefu kama ile. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, redio ndogo kando yake, ile ile tuliyomchangia sisi wanafunzi wa zamani. Nilipotoa salamu alinijibu kwa jina langu, lile alilonipa babangu. Nikambusu mkono.

"Watu walicheka?" akauliza.

"Walicheka, Maalim."

"Wengi?"

"Wengi."

Akakohoa, mara mbili. Nikatazama chini.

"Umekosea," akasema. "Mimi hukohoa kabla ya kumsahihisha mtoto, ili asishtuke. Wewe umekohoa baada, kama mtu aliyechoka naye. Na kulala darasani sikupata kulala hata siku moja, wala hakuna mtoto wangu atakayesema nalilala. Ukinichukua, mwanangu, nichukue mzima. Usichukue kikohozi ukaniacha mimi."

Nikamwomba radhi. Akasema radhi kishanipa, lakini nimsomee kwanza, nikasoma, na akanisahihisha mahali pawili. Alikohoa kabla.

Niliporudi dukani, baba hakuniambia nenda wala hakuniambia baki. Asubuhi yake alinipa nauli ya kwenda. Ya kurudi, alisema, nitajitafutia mwenyewe.

Nimeyasimulia haya kwa urefu kwa sababu watu wakizungumza habari za kijana kwenda mjini kuigiza, huzungumza ulevi, usiku na wanawake, na hayo yapo, sitaki kudanganya mtu. Lakini hayo mtoto aliyelelewa huyaona yakija. Jambo lililonipata mimi sikuliona likija. Mji ulinitaka kwa sababu ya nilikotoka, ukanifungulia mlango kwa sababu ya ulimi wangu, kisha ukaniambia nilipe kwa kuwauza wenye ulimi huo. Na bei ilikuwa nzuri.

Nairobi nilikuta mchezo umependwa na sehemu ya pili imekwisha kuandikwa. Safari hii mwalimu wa chuo alikuwa na hirizi, na mwelekezi alitaka nisome aya, aya ya kweli, niichanganye na maneno ya upuuzi ili watu wacheke. Nikamwambia mzee mlafi nitamcheza, mzee mwizi nitamcheza, hata mwovu wa mwisho, lakini Kurani siifanyi mzaha, na kusinzia nataka kutolewe. Nilieleza kwa upole. Akanijibu ni mchezo tu, na kama mimi ni shekhe nimekosea mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kodi ya ukumbi ya kulipa, na alijua kinachochekesha. Nafasi akampa kijana mwingine, wa bara, ambaye hajapata kukanyaga chuo wala kuiona bahari.

Wiki chache baadaye nilimsikia redioni nikiwa dukani, nimeshika mkasi. Hakuwa akimwiga Maalim. Alikuwa akiniiga mimi nilivyomwiga Maalim. Na kikohozi kilikuja baada, kama mtu aliyechoka.

Maalim alifariki mwaka uliofuata. Kikohozi kile cha makosa nimekisikia tena mara kadhaa, kwa watu wasiojua kilikotoka, kila anapotakiwa mzee wa pwani wa kuchekwa.

Nilikaa miezi minane bila jukwaa. Halafu kikundi kingine kikanichukua kwenda mashuleni na Kinjeketile, na safari hii nikawa Kinjeketile mwenyewe. Tulizunguka mihula mingi. Sitasahau shule moja ya bara, ukumbi wa bati, mvua inapiga mpaka hatusikiki. Nikakumbuka mafunzo ya Maulidi, nikashusha sauti badala ya kuipandisha, na watoto mia tano wakainama mbele kunisikiliza. Hiyo ndiyo siku ninayoihesabu kuwa nilianza uigizaji. Ilikuwa 1986, mwaka wa tatu tangu kushuka gari la moshi. Hakuna gazeti lililoandika. Mwaka 1989 macho ya baba nayo yakaanza kufunga, nikarudi kushika duka, na sijutii kwenda wala kurudi.

Turejee kwa binti. Alikuja tena peke yake baada ya siku tatu, akavua viatu, akaketi chini kando ya kiti changu. "Mjomba," akasema, "mama asema wewe ulikatazwa."

"Sikukatazwa," nikamwambia. Nikamhadithia yote niliyoyaandika hapa.

Mambo yamebadilika, na ni haki kuyasema. Wakati wangu televisheni ilikuwa moja, Sauti ya Kenya. Leo stesheni huzihesabu nikachoka. Michezo ya Kiswahili imekuwa ndiyo inayongojewa majumbani baada ya Magharibi: Maria ilianza 2019, Zora ikafuata 2021, Sultana 2022, zote zikitoka kwa Rashid Abdalla na Lulu Hassan na kampuni yao ya Jiffy Pictures, na ndani yake wametokea vijana wa kwetu wenye majina yao ya kweli. Hakuna tena kukaa ngazini. Mtu hujirekodi kwa simu akatuma. Hata ngazi zenyewe zimetengenezwa upya, jumba lilipofunguliwa tena 2015. Na kamera siku hizi huja Mombasa na Lamu zenyewe, ijapokuwa mikataba bado mingi hutiwa saini Nairobi.

Yaliyobaki ni yale yale. Nikamuuliza atalala wapi. Kwa bintiye halati, South C. Vyema. Atakula nini wakati hajapata? Alikuwa na kazi ya kufasiri maandishi anayoifanya kwa kompyuta, kidogo lakini yake. Vyema zaidi, kwa sababu mwigizaji mwenye njaa hawezi kusema la, na mimi nisingeliweza kusema la kwa mwelekezi yule kama sikuwa na mkasi dukani. Nikamwambia anayetaka ada ili akupime ni tapeli, mkimbie. Anayetaka kukupima usiku chumbani kwa hoteli, mkimbie mara mbili. Mkataba asome na mtu mzima kabla ya kutia kidole: malipo ni kwa siku au kwa kipindi, na yaja lini. Kama kuna mavazi asiyoyavaa na mtu asiyemgusa, aseme siku ya kwanza, mbele ya mashahidi, si siku ya kamera. Ama halali na haramu, mimi si shekhe. Wapo wanaokataza kabisa na wapo wanaoruhusu kwa masharti, na yeye na mamaye wana maalim wao wa kumuuliza. Walikwenda, na waliyoambiwa ni yao.

Kisha nikamwambia anisomee kurasa alizotumiwa.

Akasita. Halafu akafungua simu. Alikuwa msichana wa pwani, mzuri, mvivu, ambaye mamake ana majini na huyatuma kwa wanaume. Sehemu ya kupimwa ilikuwa mama na binti wakifukiza udi. Mamake wa mchezo amekohoa mara mbili, iliandikwa, kisha amecheka kichawi.

Nikanyamaza muda. Miaka arubaini.

"Utafanyaje?" nikamuuliza.

"Nimewaandikia," akasema. "Nimewaambia maneno ya Kiswahili hapa si sawa, hakuna mama wa Mombasa asemaye hivi na mwanawe, na nimewaandikia upya nilivyosikia nyumbani. Majini nimeyaacha, ni yao. Lakini yule mama nimempa kazi. Anauza viazi vya karai. Ndiyo sababu hulala mchana, kwa kuwa huamka saa tisa za usiku."

"Wamesemaje?"

"Wamesema nije hivyo hivyo tuone."

Mamaye alikuja stesheni ya Miritini kumsindikiza, uso umekunjwa, na kikapu cha chakula cha kutosha watu watano. Mimi nilichelewa kwa sababu nilikuwa nikitafuta lile koti sandukuni. Bado lipo, baba alikuwa fundi. Akalivaa juu ya buibui, mikono ikampita. Gari la saa tisa likaita abiria.

"Mjomba," akasema, "yule Maalim. Alikohoa vipi?"

Nikamwonyesha, pale pale mlangoni, watu wakipita na mizigo yao. Mara mbili, kavu. Kabla.